Pima Sarafu, Kisha Pima Hadithi

Mwaka uliochongwa juu ya sarafu ni dai tu. Huenda likawa dai la kweli, huenda likawa la uongo, na huenda sarafu yenyewe ikawa halali kabisa ilhali mwaka ule haukuwahi kuiona. Nilifundisha fizikia katika shule za sekondari za Unguja kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na niliwaambia wanafunzi kila mara kwamba kipimo kimoja hujibu swali moja. Uzito kamili wa maneno hayo niliuhisi baada ya kustaafu, pale shangazi yangu aliponiita nimwamulie juu ya riale ya fedha aliyoachiwa na mama yake.

Riale hiyo ilikaa ndani ya kijaluba cha tambuu, imefungwa kwa kipande cha kanga. Kila mtu katika ukoo wetu aliijua, hata wale ambao hawajawahi kuitia machoni. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba babu mmoja wa zamani aliuza mavuno ya kwanza ya karafuu za shamba lake, na Seyyid Said bin Sultan akamlipa riale ile kwa mkono wake mwenyewe. Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alifariki mwaka 1856. Ikiwa habari ile ni kweli, basi ndani ya kijaluba mlikuwa na kitu kilichopita katika mkono wa mfalme.

Kilichomsumbua shangazi ni wanunuzi wa vitu vya kale. Wa kwanza aliigeuzageuza, akasema ni bandia, na akatoa bei ya kutupa. Wa pili akaona mwaka 1780, akasema ni kitu adimu, akapandisha bei mpaka shangazi akashtuka.

"Mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "mmoja ananiambia mama yangu katunza bati, mwingine ananiambia katunza hazina. Wote wawili wametazama kitu kimoja. Wewe ni mwalimu, nitazamie."

Ombi langu la kwanza lilikuwa asiisafishe. Binti anayemsaidia nyumbani alikwisha kuandaa majivu na ndimu ili niikute inang'aa. Weusi unaokaa katika mabonde ya sarafu hutokana na fedha kukutana na salfa iliyomo hewani, na hujijenga polepole kwa miaka mingi. Ukiusugua, umefuta ushahidi kabla shahidi hajaulizwa, na mikwaruzo ya majivu haina dawa. Mkusanyaji wa sarafu akiiona sarafu iliyosuguliwa hushusha bei papo hapo. Anayetaka kujua ukweli hupata hasara kubwa zaidi, kwa sababu rangi ya mabondeni ikilinganishwa na rangi ya sehemu zilizoinuka humwambia kama sarafu imezeeka yenyewe au imezeeshwa kwa dawa.

Tukaiweka juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha. Upande mmoja yumo mwanamke mwenye mabega mapana, ametazama kulia, amejitanda ushungi wa mjane, na begani ana bizimu iliyozungukwa na lulu. Huyo ni Maria Theresa, aliyetawala Austria, Hungaria na Bohemia tangu 1740 hadi alipofariki tarehe 29 Novemba 1780. Mumewe alitangulia mwaka 1765, na ndiyo sababu ya ushungi. Chini ya kifua zimo herufi mbili ndogo, S na F, za maofisa wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg walioitwa Schöbl na Faby. Upande wa pili yumo tai wa vichwa viwili mwenye ngao kifuani, na pembezoni umeandikwa mwaka 1780 ukifuatiwa na msalaba mdogo uliolala mshazari. Ukingoni, mahali ambapo wengi hawapatazami, pana maneno ya Kilatini yaliyoinuka, yenye maana ya haki na huruma, ambayo ndiyo yaliyokuwa wito wa malkia huyo.

Wazee wa pwani waliiita riale ya Shamu. Wafanyabiashara wa Ulaya waliokwenda Yemen kununua kahawa walikuta wauzaji wanataka fedha, na baada ya muda wakawa wanaitaka hii hasa. Kutoka Bahari ya Shamu ikasambaa mpaka Ethiopia, Sudan, Oman na huku kwetu. Unguja ya karne ya 19 ilihesabu pembe, karafuu na ushuru wa forodha kwa riale. Ilipendwa kwa sababu iliaminika. Uzito wake wa kiwandani ni gramu 28.07 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, sehemu 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Maandishi ya ukingoni yalimtia adabu mwizi, kwa kuwa aliyejaribu kukwangua fedha kidogo pembezoni aliharibu herufi na kujulikana.

Watu wa masoko nao walikuwa wakaguzi hodari. Ethiopia na Arabuni mpokeaji alitazama lulu moja moja, akaikataa sarafu ambayo lulu zake zimefifia. Mwaka 1918 Italia ilipiga sarafu yake kwa ajili ya Eritrea, ikaipa sura ya mwanamke anayefanana na Maria Theresa, ikidhani watu hawatatambua. Wakatambua, wakaikataa. Hapa Unguja Sultani Seyyid Barghash alitoa riale zake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, lakini hazikuweza kuing'oa riale ya Shamu wala rupia ya Kihindi katika mikono ya watu. Nayasema haya kwa sababu siku hizi tunadhani ukaguzi wa sarafu ni elimu ya wageni wenye vyombo. Mama aliyeuza samli katika soko la Ethiopia miaka 150 iliyopita aliifahamu kazi hiyo, na riziki yake iliitegemea.

Jirani yetu sonara akatuazima mizani yake, ile inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Riale ikasoma gramu 27.94. Imepungua kidogo chini ya kipimo cha kiwandani, kama inavyotarajiwa kwa sarafu iliyopita mikononi mwa watu. Upana wake ulikuwa milimita 40 hivi, nao unakubalika. Shangazi akatabasamu, lakini nikamwambia asubiri. Uzito peke yake hauthibitishi mengi, maana mwenye kughushi naye anayo mizani. Akitumia madini hafifu, huongeza unene kidogo mpaka uzito ukalingana.

Kwa hiyo tukaenda kwenye maji. Niliweka bilauri yenye maji juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri. Kisha nikaifunga riale kwa uzi mwembamba, nikaizamisha yote bila kugusa kitako wala ubavu wa bilauri, mkono wangu ukiwa umeegemea pembe ya meza ili usitikisike. Mizani ikapanda na kutulia kwenye 2.74. Nambari hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani maji yenye ujazo sawa na wa sarafu. Gawanya 27.94 kwa 2.74, utapata 10.2. Maana yake riale ni nzito mara kumi na kidogo kuliko maji ya ujazo uleule, na hicho ndicho kiwango cha mchanganyiko wa fedha 833 na shaba. Ingekuwa shaba na nikeli, ambayo ndiyo madini ya sarafu nyingi za kuuzia watalii, jibu lingekuwa karibu na 8.9. Risasi ingetoa 11.3.

Elimu hii huhusishwa na Arkimedi Mgiriki, lakini watu wa ulimwengu wetu wa Bahari ya Hindi wana haki ya kukumbuka pia jina la al-Khazini, mwanachuoni wa Khurasan ambaye karibu na mwaka 1121 aliandika kitabu kizima juu ya mizani ya maji. Aliitumia kutenganisha dhahabu safi na iliyochanganywa, na vito halisi na vya bandia, bila kukikwaruza kitu chochote. Hilo la kutokikwaruza ndilo nililolitaka. Sonara alikuwa tayari kuleta jiwe lake jeusi la kupimia na asidi yake, nikamshukuru na kumwomba tusifike huko. Jiwe hula kidogo, na sarafu ya urithi haina cha kuliwa.

Hata maji yana mpaka wake. Mjanja anaweza kuchanganya madini mepesi na mazito mpaka akapata 10.2. Ndiyo sababu shahidi mmoja hatoshi. Nilikuwa na sumaku kali niliyoitoa katika diski ya kompyuta mbovu. Nikaiinamisha riale, nikaiachia sumaku iteleze juu yake. Haikunasa, kwa hiyo hamna chuma ndani. Lakini haikuanguka pia, iliteremka taratibu kana kwamba inazuiwa na mkono. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko madini yote, na sumaku inayosogea juu yake huzalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayoipinga. Juu ya risasi au mchanganyiko wa shaba na nikeli ingeteleza kwa haraka zaidi. Sonara naye akaiweka riale juu ya ncha ya kidole, akaigonga kidogo kwa kalamu. Ikalia mlio mwembamba, mrefu, usio na mkwaruzo. Sarafu yenye ufa, au yenye tumbo la madini mengine, hutoa mlio mfupi uliokufa.

Mwisho tukachukua lenzi. Sarafu halali hupigwa kwa chapa za chuma kigumu, kwa nguvu inayosukuma fedha hadi katika kila pembe ya herufi. Sarafu nyingi za kughushi humiminwa katika kalibu, na kumimina huacha alama zake: vishimo vidogo vya mapovu, herufi zenye mabega ya mviringo, na mstari mwembamba ukingoni ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Riale ya shangazi haikuwa na vishimo wala mstari. Herufi za ukingoni zilisimama wima. Juu kidogo ya kichwa cha malkia palikuwa na doa la lehemu, ishara kwamba zamani ilitiwa kitanzi ikavaliwa kama kidani, jambo ambalo lilikuwa la kawaida kwa wanawake wa pwani, wa Oman na wa Yemen.

Swali la kwanza likawa limejibiwa. Fedha ni fedha, na imepigwa kwa chapa. Yule mnunuzi wa kwanza aliyeiita bandia alikuwa amemvunja shangazi moyo bure.

"Basi ni ya mwaka 1780," shangazi akasema.

"Hilo ni swali jingine, shangazi," nikamjibu.

Malkia alipokufa, wateja wa Bahari ya Shamu hawakutaka sura nyingine. Viwanda vya Austria, miongoni mwao vya Vienna, Prague, Milan na Venice, vikaendelea kuipiga sarafu ileile, kwa sura ileile na mwaka uleule wa 1780. Nchini Austria kwenyewe iliacha kuwa fedha halali mwaka 1858, lakini ikaendelea kupigwa kwa ajili ya masoko ya mbali. Mwaka 1935, Mussolini alipokuwa akijiandaa kuivamia Ethiopia, Italia ilipewa na Austria haki na chapa, na kiwanda cha Roma kikaanza kuzipiga. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliozihitaji wakajikuta mlango umefungwa, na mwaka 1936 London ikaanza kuzipiga zake. Paris na Brussels nazo zikazipiga, kisha Bombay wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Birmingham baada ya vita. Viwanda hivyo vya nje ya Austria viliacha kazi hiyo kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Vienna inaipiga hadi leo. Kwa jumla zimepigwa mamia ya mamilioni, na zote zimeandikwa 1780.

Hapa neno "halali" linahitaji kushikwa kwa uangalifu. Riale iliyopigwa London mwaka 1940 kwa uzito kamili na fedha kamili haikumdhulumu mtu yeyote. Mwarabu wa Sur au mkulima wa Harar aliyeipokea alipata gramu 23 na zaidi za fedha safi, sawasawa na babu yake. Mwaka uliokuwa juu yake ulikuwa sehemu ya sura tu. Lakini mtu wa leo anayeiuza riale hiyohiyo kama sarafu ya 1780 anadhulumu, ingawa kitu alichokishika ni cha kweli. Dhuluma imo katika maneno yake. Yule mnunuzi wa pili hakutuambia kama hilo alilijua au hakulijua, na nadhani shangazi alifanya vyema kutompa jibu siku ile.

Zipo tofauti ndogo baina ya kazi za viwanda hivi: manyoya ya mkia wa tai, lulu za bizimu, umbo la herufi S na F, nukta baina ya maneno, mapambo ya ukingoni. Wanazuoni wa sarafu wamezipanga kwa makini. Nilipiga picha za pande zote mbili na za ukingo wote, nikizungusha sarafu kidogo kidogo, nikaweka rula pembeni, nikaandika uzito na matokeo ya maji, nikazituma kwa mtaalamu wa sarafu katika makumbusho moja ya Ulaya. Jibu lake lilikuwa la adabu na la wazi. Chapa ni ya aina ya London. Riale ya shangazi ilipigwa baada ya mwaka 1935.

Seyyid Said alikuwa amelala kaburini kwa takriban miaka 80.

Kumfikishia mtu mzima habari ya namna hii kunataka utulivu. Nilisubiri amalize sala ya alasiri, nikakaa naye barazani, nikamweleza hatua kwa hatua kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo nililiogopa: "Kwa hiyo mama alinidanganya?"

Sikumjibu moja kwa moja. Nikamuuliza: "Shangazi, habari ya Seyyid Said ulisikia kwa nani?"

Akafikiri. Ilikuwa kwa mjomba wake mmoja, msimulizi mashuhuri, ambaye kila arusi alisimama kuusifu ukoo. Nikamuuliza tena: na mama mwenyewe, siku alipokupa kijaluba, alisema nini?

"Mama hakuwa mtu wa maneno. Alisema tu: hii kaniletea baba yenu."

Akanyamaza, na mimi nikanyamaza, kwa sababu sote wawili tulikuwa tumelisikia neno lile kwa mara ya kwanza ingawa yeye alikuwa nalo miaka yote. Baba yake shangazi, ambaye ni babu yangu, alikuwa baharia. Alisafiri katika majahazi yaliyorudi Oman kwa upepo wa kusi yakiwa yamepakia boriti za mikoko, na kuja tena Unguja kwa kaskazi yakileta tende, chumvi na papa mkavu. Katika miaka ya 1940 huku kwetu ilitumika shilingi ya Afrika Mashariki, lakini Oman riale ya Maria Theresa iliendelea kutumika sokoni mpaka karibu na mwaka 1970. Baharia aliyelipwa au kufanya biashara Sur au Maskati angeweza kurudi na riale mfukoni. Angeweza kumpelekea sonara aitie kitanzi. Angeweza kumvisha mkewe.

Babu alifariki shangazi akiwa mdogo, na hakuna kitu chake kingine kilichobaki, hata picha. Tangu alasiri ile shangazi haizungumzii tena riale ya mfalme. Husema, "Hii ni ya baba." Ukweli uliondoa hadithi moja kubwa, ukafukua nyingine iliyokuwa imefunikwa nayo, na hii ya pili ilikuwa na uzito zaidi kwake.

Habari za mizani na bilauri zikaenea mtaani, na watu wakaanza kuleta vitu vyao. Mmoja alitoka bara, amekuja Unguja kwa kazi. Alileta sarafu ya rangi ya dhahabu yenye tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, na chini mwaka 1916 na herufi T. Nikaijua mara moja kwa sura. Hiyo ni rupia 15 ya Tabora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifungia njia ya bahari Afrika Mashariki ya Wajerumani, serikali yao iliishiwa na fedha ya kulipia watu. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakapiga sarafu katika karakana ya reli Tabora. Zilitoka elfu 16 na ushee tu, kabla majeshi ya Wabelgiji hayajauteka mji huo mwezi Septemba 1916. Kwa uchache huo na kwa uzuri wa tembo wake, hutafutwa sana, na kwa hiyo hughushiwa sana.

Mwenyewe alikuwa na hadithi iliyonyooka. Kaka wa babu yake alikuwa askari wa Mjerumani, na wazee wote wa kijiji chao walilijua hilo. Alitaja alikopigana, alikojeruhiwa, na jinsi alivyorudi kwa miguu.

Rupia 15 halali ina uzito wa gramu 7.17 hivi na robo tatu yake ni dhahabu. Aliyoileta ilisoma gramu 4.12. Majini mizani ikaonyesha 0.49, na jibu likawa 8.4, ambacho ni kiwango cha shaba iliyochanganywa na zinki, madini ya bomba na vitasa. Dhahabu ya Tabora ingetoa karibu 15. Chini ya lenzi, jicho la tembo lilikuwa shimo lisilo na ukingo, na herufi zilikuwa na mabega ya mviringo kama za kalibu.

Nikamwambia mambo mawili, na nilihakikisha nimeyatamka kwa kutenganisha. La kwanza, sarafu hii haikutoka Tabora. La pili, kipimo hiki hakisemi neno lolote juu ya kaka wa babu yako. Huenda mzee alikuwa na rupia halali ikabadilishwa na mtu mjanja. Huenda mjukuu mmoja aliinunua hii baadaye kwa kumbukumbu, na waliofuata wakadhani ndiyo yenyewe. Uaskari wa mzee utafutwe kwa njia zake: kwa wazee waliobaki, kwa karatasi, kwa majina ya wenzake. Aliondoka akiwa na huzuni ya mali, lakini heshima ya mzee wake aliondoka nayo salama.

Kwa shangazi, sarafu ilikuwa halali na hadithi haikuwa sahihi. Kwa mgeni wa bara, sarafu ilikuwa ya kughushi na hadithi huenda ni kweli tupu. Mtu asiyetenganisha viwili hivi hukosea mara mbili: huitupa sarafu njema kwa sababu hadithi imeanguka, au huitukana familia njema kwa sababu sarafu imeanguka. Na matapeli wanaijua tabia yetu hii. Anayekuuzia rupia ya Mjerumani "iliyofukuliwa chini ya mbuyu" hutumia muda mwingi kwenye hadithi kuliko kwenye sarafu, kwa kuwa anajua hadithi ikikuingia moyoni hutaomba mizani.

Hata wataalamu hulazimika kuvitenganisha. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 katika mchanga wa Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Nne zilikuwa za Kiholanzi, na tano zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa, za masultani wetu wa kale. Zilipochunguzwa, zilikubalika kuwa ni za Kilwa kweli. Lakini zilifikaje ng'ambo ile ya Bahari ya Hindi, na zilipelekwa na nani, sarafu zenyewe hazisemi, kwa sababu ziliokotwa juu ya mchanga bila kitu cha kuzizunguka. Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 watafiti walifukua akiba ya zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi. Kwa kuwa vitu hivyo vilipatikana vimelala pamoja, na mahali pake pakaandikwa, dinari zilizojulikana umri wake zikatoa ushahidi juu ya zile za fedha zisizojulikana. Anayechimba usiku na kuziuza moja moja angekuwa ametupa zaidi ya nusu ya thamani yake, na thamani hiyo hairudishwi na fedha yoyote.

Mahali na mkono uliotoa ni nusu ya sarafu. Hilo linatuhusu sote tulio na vijaluba, makasha na mikoba ya bibi zetu. Kama unayo sarafu ya zamani, usiisugue wala usiitie kitanzi kipya. Ipime uzito kwa sonara unayemwamini, ipime majini kama nilivyoeleza, itazame ukingo wake kwa lenzi, ipige picha nzuri. Usikubali bei kabla ya kujua ni nini, na usikubali mtu akupe jibu la swali moja kwa kipimo cha swali jingine.

Kisha fanya jambo ambalo hakuna mizani inayoweza kulifanya kwa niaba yako. Kaa na mkubwa aliyekupa, angali hai, umuulize kwa heshima: hii ulipewa na nani, wapi, na alisema maneno gani hasa? Andika alichokiona mwenyewe mbali na alichosimuliwa na wengine. Shangazi na mimi tuliandika karatasi hiyo, akatia sahihi yake kwa wino wa buluu, na tukaiweka pamoja na matokeo ya vipimo. Humo mjomba msimulizi ametajwa kwa jina na habari yake ya Seyyid Said imeandikwa kama alivyoisema, kwa kuwa nayo ni sehemu ya historia ya ukoo wetu: inaeleza tulitamani kuwa nani. Lakini imeandikwa katika mstari wake, na maneno ya bibi katika mstari wake, ili wajukuu watakaokuja wajue kipi kilitoka kwa nani.

Wanunuzi wamerudi mara kadhaa. Shangazi huwaonyesha riale na karatasi pamoja, huwaambia wazi kwamba ilipigwa London katika karne ya 20, na kwamba haiuzwi.